Mlio wa Nambari Tisa

Kazi ya Mzee Nzima ilikuwa kukaa kwenye kiti na kusikiliza ndege ambazo hazipo. Siku tatu kwa wiki alipanda ngazi za jengo lenye duka la rangi chini, akapumzika ghorofa ya kwanza kwa sababu ya magoti, akapumzika tena ya pili kwa kujionea huruma tu, kisha akabisha mlango uliopigiliwa magodoro. Magodoro yalifunika pia kuta na dari, ili kelele za barabarani zisiingie na kelele za vita zisitoke. Zilitoka hivyo hivyo. Jirani wa chumba cha pili, wakala wa bima, alikwisha kulalamika mara kadhaa kwamba kila Jumatatu saa nne asubuhi anashambuliwa.

Mwenye chumba aliitwa Bi Spika, mwanamke wa miaka arobaini aliyepewa jina hilo na mafundi wenzake kwa sababu hajawahi kutupa spika, hata iliyopasuka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za gemu ya ndege za kivita. Usidhani ni gemu ya watoto. Wanaoicheza ni watu wazima wenye vitambi, waliojitengea chumba kizima, wakaweka usukani wa ndege mezani na hedifoni masikioni, na mke akiwaita wanasema ngoja kwanza nitue. Watu hawa wakisikia kitu kisicho sawa huandika. Wameandika kwamba injini inasaga kama blenda. Wameandika kwamba magurudumu yanajikunja kama mlango wa kabati. Wengi wao ndege ya kivita waliiona mara ya mwisho kwenye kalenda, lakini ukiwa na uhakika, elimu ya nini? Ndipo Bi Spika alipoamua kumtafuta mtu aliyezishika ndege hizo kwa mikono yake.

Mzee Nzima alizishika miaka ishirini na sita, akiwa fundi wa injini kambini. Mambo aliyomfundisha Bi Spika kwa mwaka mmoja hayamo kwenye kitabu chochote. Alimwambia kwamba gurudumu la kushoto hukunjwa kabla ya la kulia, kwa hiyo zisikike pu mbili, na kati yake mtu apate kuvuta pumzi. Alimwambia kwamba ndege ikikaribia kuishiwa mwendo angani, vitu vidogo hutetemeka kwanza, kioo cha saa, kifungo cha mkanda, halafu ndiyo mbawa.

"Na huu mngurumo, mzee wangu?" Bi Spika aliuliza siku ya kwanza. "Niuongeze?"

"Mngurumo huo ni wa aliyesimama nje, mwanangu. Aliyemo ndani ameuacha nyuma. Yeye anasikia pumzi yake kwenye barakoa, feni, na redio ikikwaruza."

"Wateja watasema nimewapunja."

"Waambie wakasimame nje."

"Na bunduki?"

"Bunduki huisikii kwa masikio kwanza. Unaisikia kwa makalio."

Bi Spika aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake, makalio, akapiga mstari chini yake. Walipatana. Mzee alimchukulia kama mwanawe, naye Bi Spika akaweka mto kwenye kile kiti. Hata hivyo, mzee alirudi nyumbani kila siku amechoka, na uchovu wake haukuwa wa ngazi. Kuna uchovu wa kubeba mzigo, na kuna uchovu wa kubeba mzigo huku unajifanya hujabeba kitu. Huu wa pili ndio unaoua.

Jina la Nzima alipewa kambini. Ndege ikishawashwa asubuhi kwa majaribio, aliweka kiganja chini ya tumbo lake, akainamisha kichwa, akafumba macho kidogo, kisha akatamka neno moja: "Nzima." Akishatamka, anasaini fomu, rubani anapanda. Akitikisa kichwa, ndege hairuki hata awe amekuja mkubwa gani. Vijana wa karakana waliapa kwamba mzee huyu, ambaye wakati huo hakuwa mzee, anaweza kusikia boliti iliyolegea ikiwa bado inafikiria kulegea. Alifurahia sifa hizo. Nani asingefurahia?

Lakini injini za ndege haziachi sikio la mtu salama, na siku hizo kinga yao ilikuwa pamba. Kila mwaka mafundi walipimwa masikio. Uliketi kwenye kijumba cha vioo, umevaa hedifoni, nesi yuko nje na kifaa chake, na kila ukisikia mlio unainua kidole. Mwaka aliofikisha umri wa miaka thelathini na nne, ilifika mahali milio ikakatika. Ile minene aliisikia, ya kati aliisikia, ile myembamba kabisa ya juu haikuja. Aliketi mle anangoja. Halafu akaona jambo kwenye kioo: nesi kila alipobonyeza kitufe, bega lake la kulia liliinuka kidogo. Mzee Nzima akainua kidole. Bega likainuka tena, kidole kikainuka tena. Nesi akaandika kwamba masikio ni mazima kabisa, akampongeza.

Fundi aliyeshindwa kipimo kile alipelekwa stoo kupanga vipuri mpaka siku ya kustaafu. Hilo ndilo alilolikimbia. Alijiambia kwamba kiganja chake kinatosha, kwa kuwa ugonjwa mwingi wa injini hutetema kabla ya kulia, na kweli kwa miaka mitatu kiganja kilitosha. Kila mwaka alilitazama bega, kila mwaka alipita.

Mwaka wa nne ndio wa shemeji yake.

Shemeji huyu alikuwa rubani, nao walipendana tangu siku ya kwanza alipoletwa kambini, kijana mcheshi, mwenye mikono myepesi, aliyependa kupita chini chini juu ya paa za mabanda mpaka kofia za walinzi ziruke. Mzee Nzima mwenyewe ndiye aliyempeleka nyumbani kwao akamwonyesha mdogo wake wa kike. Wakaoana. Asubuhi moja shemeji akaruka na ndege Nambari Tisa, na dakika ishirini na tano baadaye ndege ikagonga kilima kisicho na shida yoyote, kilima ambacho hata mbuzi wanakipanda bila kufikiri. Injini iliungua ikawa donge. Baraza la uchunguzi likamwita fundi.

"Ilipoondoka, injini ilikuwaje?"

"Nzima," alisema.

Kwa kuwa sikio lake lilijulikana kambi nzima, maswali yaliishia hapo. Mjane aliletewa barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa pili ulisema kwamba ajali ilitokana na uzembe wa rubani, ambaye alikuwa na mazoea ya kuruka chini kwa kujionyesha. Wakati huo mjane alikuwa na mimba ya miezi saba.

Sasa imepita miaka thelathini na moja. Mke wa Mzee Nzima alikwisha kutangulia, na dada yake amehamia kwake, kwenye chumba cha mbele, na cherehani yake ya miguu. Anashona sare za shule. Mtoto yule wa tumboni ni mwanamke mtu mzima, anafundisha mji mwingine, na amelelewa akijua kwamba baba yake alikufa kwa ujinga. Picha ya marehemu haipo ukutani. Dada mtu aliishusha wiki ile ile ya barua. "Mtu aliyeona kofia za walinzi ni bora kuliko mimi, nimtazame wa nini?" alisema, na tangu hapo hakumtaja tena kwa jina. Barua aliihifadhi kwenye kopo la vifungo. Kila alipotafuta kifungo aliigusa, na kila alipoigusa, kaka yake alitoka nje kana kwamba kuna kitu amekisahau uani.

Mzee hakuwa na hakika ya lolote. Hapo ndipo penye taabu. Angekuwa na hakika kwamba aliua, pengine angesema. Angekuwa na hakika kwamba hakuua, angelala. Alichokuwa nacho ni pengo, ile sehemu ya juu ya sauti ambayo asubuhi ile hakuisikia, na hakuna mtu duniani wa kumwambia ndani yake kulikuwa na nini.

Kwa Bi Spika aliendelea na mchezo wake wa zamani. Sauti nene na za kati alizisikia mwenyewe, na kumbukumbu yake haikuwa na mfano. Zile nyembamba alizisoma. Kulikuwa na skrini iliyochora sauti kwa rangi, na kulikuwa na nyusi za Bi Spika, ambazo hupanda kila kitu cha juu kinapopita. Nyusi zikipanda, mzee anaitikia kwa kichwa taratibu na kusema "naam, hapo hapo." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilikuwa imefika miaka thelathini na mitano na bado ilikuwa na kona.

Jumatatu moja Bi Spika alimpokea mlangoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mzee wangu, leo nimepata dhahabu. Kuna mwalimu wa kambi yenu alifariki, watoto wake wamenipa sanduku la kanda. Alikuwa anarekodi injini ili awafundishie wanafunzi. Nyingi zimeliwa na ukungu. Hii moja ni safi."

Alimpa boksi la kanda. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Nambari Tisa, kuwasha na kupandisha nguvu, kwa wanafunzi. Chini yake tarehe. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Tarehe ilikuwa ile ile. Mwalimu yule alikuwa mtu wa kuzungukazunguka na kipaza sauti chake kila asubuhi, hakuna aliyemjali.

"Inaijua ndege hii?" Bi Spika alijicheka. "Nimechanganyikiwa. Unaijua?"

"Naijua."

Bi Spika akabonyeza. Ukaja upepo wa uwanja mpana. Spana ikaanguka kwenye saruji. Viatu vikapita, kisha sauti ya kijana ikasema, karibu kabisa na kipaza sauti, "Vipi shemeji, nzima?" Mwingine akajibu, "Nzima." Yule wa kwanza akacheka. "Haya, mwambie dada yako leo nakula nyumbani." Halafu kifuniko cha rubani kikafungwa, injini ikaanza kuvuta pumzi.

"Huyu aliyejibu ana sauti kama yako," Bi Spika alisema.

"Ni mimi."

Alifurahi mno, maskini, akampiga mzee begani. Injini ilikuwa inapanda. Mzee aliisikia yote, tumbo lake, kifua chake, ule mtetemo wa saruji, na hakuna kilichokosekana, ndege ilikuwa nzima kama alivyosema. Ndipo nyusi za Bi Spika zilipopanda. Zikashuka, zikapanda tena.

"Hapa kuna kamluzi," alisema, akionyesha kwa kidole mstari mwembamba juu kabisa ya skrini, unaokuja na kupotea, unaokuja na kupotea. "Kazuri. Ndivyo zilivyokuwa zinalia hizi?"

Mzee Nzima hakusikia kitu. Aliutazama ule mstari. Kichwa chake kikaitikia chenyewe kwa mazoea, taratibu.

"Naam," alisema. "Uache."

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Dada yake alikuwa anashona, mgongo wake mlangoni. Mzee alipita akaenda kuketi uani, akitazama ukuta. Dada alimwita. Sauti yake ni nyembamba tangu utotoni, kwao walimtania kwamba amemeza filimbi. Alimwita mara ya pili, mara ya tatu, mwisho akatoka na sindano mdomoni.

"Kaka, nakuita kama nauza maji. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri tangu nihamie nyumba hii. Nikiwa nyuma yako huniitikii, nikija mbele unaniitikia. Siku moja nitakufa chumbani humo unafikiri." Aliitoa sindano mdomoni, akamtazama. "Chakula kipo mezani. Usipokula usiseme hukuambiwa."

Alikaa mezani, akachezea chakula. Kwa siku mbili hakuna kilichopita kooni ila chai. Ule mstari mwembamba ulikuwa unakuja na kupotea kwenye ukuta wa uani, kwenye sahani, kwenye mgongo wa dada yake aliyeinamia cherehani. Alijua ni nini anachokiogopa, alijua pia kwamba alikuwa amepewa kile alichokitamani kwa miaka yote hiyo, njia ya kulitazama pengo, naye akasema uache.

Jumatano alipanda ngazi bila kupumzika, kwa kusahau. Bi Spika alikuwa na kicheko.

"Nimewapelekea wachezaji wachache waijaribu gemu. Wamechanganyikiwa kwa furaha. Kamluzi kale kamewamaliza. Mmoja anasema mara ya kwanza maishani amehisi amekaa ndani ya ndege ya kweli. Ijumaa nafunga kazi, inatoka."

"Unaweza kuipunguza kasi?"

"Kanda? Naweza. Lakini sauti zote zitashuka, zitakuwa nene. Kwa nini?"

"Ule mlio ushuke nami niusikie."

Bi Spika alidhani anatania. Alipomtazama, akaona hatanii.

"Huusikii?"

"Siusikii. Sijasikia mlio wa namna hiyo tangu nina miaka thelathini na nne."

Bi Spika aliivua hedifoni, akaiweka mezani.

"Mwaka mzima tumekaa hapa. Mwaka mzima ulikuwa unasikiliza nini?"

"Nyusi zako," mzee alisema.

Bi Spika hakucheka. Aligeuka kwenye mashine zake, akafanya kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na masikio yake yalikuwa yamewiva kwa hasira. Ana haki, mzee alifikiri. Kisha Bi Spika alibonyeza. Injini ikawa kitu kizito kinachosaga polepole, kama mashine ya nafaka ya mbali. Kamluzi bado hakajaja. Akaipunguza nusu ya nusu. Hapo mzee aliinuka kwenye kiti, akaweka kiganja chake juu ya spika, akainamisha kichwa.

Aliusikia. Haukuwa mluzi tena, ulikuwa mkwaruzo wenye kilio ndani yake, unarudi kila baada ya kipimo kile kile, unakomaa, unapungua, unarudi. Mlio huo alikuwa ameusikia mara tatu ujanani, masikio yakiwa mazima, na mara zote tatu injini ilizimwa kabla hajamaliza kuinua mkono. Ilikuwa beringi ya nyuma. Ikishaanza kuimba hivyo, ina dakika ishirini, ikizidi sana nusu saa, kisha inajifunga na kila kitu kinasimama. Ndege iliyosimama injini juu ya vilima hushuka chini, na aliye chini akiitazama atasema rubani anajionyesha.

"Basi umeusikia," Bi Spika alisema. Sauti yake bado ilikuwa kavu. "Niuache au niuondoe?"

Neno moja tu lilihitajika, na alilijua lilivyo jepesi. Akisema uache, watu wazima wenye vitambi watauruka nao kila jioni na kuusifu, kanda itafungiwa sandukuni, barua itabaki kwenye kopo la vifungo, na yeye atakufa Mzee Nzima. Hakuna mahakama itakayomuuliza. Alichoka, ndiyo kweli yenyewe. Hakukuwa na ushujaa wowote, alichoka tu kutazama mabega ya watu.

"Uondoe," alisema.

"Wataniua. Ndio uhalisia wenyewe wanaoutaka."

"Si sauti ya ndege ile, mwanangu. Ndege ile ikiwa nzima haina mlio huo. Huo ni ugonjwa, na ndege iliyorekodiwa nao ilianguka siku hiyo hiyo. Yule uliyemsikia anacheka ni mume wa dada yangu."

Bi Spika alikaa chini.

"Yeye hakuusikia?"

"Rubani yuko ndani, na kofia yake na redio yake. Nilikwambia siku ya kwanza, aliyemo ndani anasikia pumzi yake. Aliyewekwa nje kusikia ni mimi."

Basi akamweleza habari ya nesi na bega. Bi Spika hakumpa pole, na mzee alishukuru kwa hilo. Aliuondoa ule mlio mbele ya macho yake, mstari mmoja mmoja, kazi ya saa nzima, kisha akachukua simu ya mzee akamwekea kanda mara mbili, kama ilivyo na ikiwa imepunguzwa kasi. Alipokuwa anatoka alimshika mkono.

"Jumatatu uje," alisema. "Za chini nazo zinahitaji mtu."

Ilikuwa alasiri alipofika nyumbani. Dada yake alikuwa anatia vifungo kwenye sare, kopo liko wazi mezani. Safari hii mzee hakwenda uani. Alivuta kiti akaketi mbele yake, akaanza kwenye kijumba cha vioo, kwa sababu huko ndiko kulikoanzia. Alisema yote kwa mpangilio, kama fundi anayetoa ripoti: bega, kidole, miaka minne, kiganja, saini, baraza, neno alilolijibu. Dada yake aliendelea kutia uzi, kisha akaacha. Kisha mzee akaweka simu mezani akabonyeza.

Upepo. Spana. Viatu.

Vipi shemeji, nzima? Nzima. Haya, mwambie dada yako leo nakula nyumbani.

Dada aliinua mkono asubiri. Mzee akasimamisha.

"Rudisha hapo mwanzo."

Akarudisha. Mara ya tatu alirudisha mwenyewe, kwa kidole chenye kipete cha kushonea. Sauti ya injini hakuitaka. Ile kanda iliyopunguzwa kasi aliisikiliza mara moja, hadi mwisho, akitazama mikono ya kaka yake.

"Hukuniambia," alisema.

"Niliogopa. Na sikuwa na hakika, niliona..."

"Sisemi hayo. Hukuniambia kwamba alisema anakula nyumbani."

Lilikuwa neno dogo la asubuhi, mzee alilisahau kabla moshi haujatulia, na hakulikumbuka tena mpaka Jumatatu ile.

"Nilisahau," alisema.

"Siku ile sikupika. Nilijua atashinda kambini." Alichukua kifungo kimoja, akakigeuza, akakirudisha kwenye kopo. "Miaka thelathini na moja nimemchukia mtu aliyekuwa anakuja kula. Mwanangu nimemfundisha kumdharau baba yake, nikaona nafanya vizuri."

"Nichukie mimi."

"Na nini?" alisema. Hakupandisha sauti. "Chuki yote niliyopewa nimeimalizia kwake, asiyestahili. Nimekuwa mzee, kaka. Ningeipata wapi nyingine ya kukupa wewe? Natafuta humu ndani sioni kitu. Nimechoka tu."

Mzee Nzima aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kofi, kwa kufukuzwa nyumbani mwake mwenyewe. Hili hakulijua namna ya kulipokea. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Dada aliinuka. Akaitoa barua chini ya vifungo, akaenda kwenye meza ya cherehani nyuma ya kaka yake, akafungua droo, akatafuta karatasi zisizo na mistari ya chaki na kalamu inayoandika. Akaweka karatasi mbele yake, na kalamu juu, na ile barua pembeni, ukurasa wa pili ukiwa juu. Akiwa bado nyuma yake, alisema jambo, kwa ile sauti yake ya filimbi.

Mzee alikaa anaitazama karatasi. Hakugeuka, hakujibu.

Dada alisema tena. Mdomo ulikwisha kufunguka kwa yale maneno yake ya kila siku, ya sikio la kufa, kisha akayameza. Akautazama ule mgongo kwa kitambo. Kisha akaizunguka meza polepole, akashika pembe yake kwa sababu ya kiuno, akavuta kiti, akaketi mahali ambapo kaka yake angeuona mdomo wake.

"Nimesema uandike," alisema. "Nakala mbili, moja kambini, moja ya mwanangu. Yote kama ulivyoniambia, na usaini kama ulivyosaini ile fomu. Anza na tarehe."